Chakula cha Televisheni na Kidonge cha Asubuhi

Jumatano, Nsambya. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na sasa yamebaki matone tu yanayodondoka kutoka kwenye mabati. Mikono yangu imetulia kiasi cha kuandika.

Kosa ambalo wengi wetu hufanya ni kudhani kwamba tukipunguza chakula, tumepunguza chakula tu. Mwili haufanyi kazi hivyo. Nililisema hilo miaka yote niliyokuwa muuguzi, kwa sauti ya kufika hadi benchi la mwisho la kliniki. Leo saa saba mchana nilikuwa nimekaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, natetemeka.

Nieleze kwa utaratibu.

Mwanangu Ramadhani aliona tangazo kwenye ile chaneli inayouza vitu mchana kutwa: sufuria, mikanda ya tumbo, na siku hizi chakula cha kupunguza mwili. Unapiga simu, unaletewa mlangoni mikebe ya plastiki yenye namba, ya siku ya kwanza hadi ya thelathini. Mwanamke mmoja anasimama ndani ya suruali yake ya zamani na kuvuta kiuno, ili tuone nafasi iliyobaki. Baba yake Ramadhani alikufa kwa ugonjwa wa sukari, nami ninao. Alilipia mwezi mzima bila kuniuliza. Aliponipa habari alikuwa na furaha kama mtoto aliyeshinda mbio, nikasema ahsante.

Neno hilo moja ndilo lililonifunga.

Si chakula kibaya. Wali wa kahawia vijiko vichache, boga, kipande cha kuku ambacho ukifumba macho hutajua ni kuku. Ni kidogo tu. Jioni Ramadhani anaupiga picha mkebe mtupu na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la familia. Dada zake, mmoja Nairobi na mwingine Arua, wanajibu kwa makofi. Siwezi kuacha kimyakimya. Nina watazamaji.

Halafu kuna sinia. Sisi Wanubi wa nyumba hii tunakula pamoja, kisra, mikate yetu myembamba, zimekunjwa pembeni kama vitambaa na mchuzi katikati, na hakuna anayenyoosha mkono kabla ya mkubwa. Mkubwa ni mimi. Jioni ya kwanza nilikaa na mkebe wangu na uma, nikawaambia wajukuu, "Kuleni." Hakuna aliyekula. Mikono ilibaki mapajani. Mdogo wao, Hawa, ambaye huniita Jajja, yaani bibi, akauliza, "Jajja, kwani umefukuzwa kwenye sinia?"

Tangu hapo nachovya kipande cha kisra, nakigusisha mdomoni, kisha nakificha chini ya kifuniko cha mkebe. Wao wanaanza kula. Kila jioni nasema Bismillahi, kisha nadanganya watoto.

Wiki iliyopita nilipiga ile namba ya kwenye televisheni. Binti aliyepokea alikuwa na adabu.

"Jajja, mpango haisimami katikati. Ukisimama, mwili inasahau. Vumilia kidogo."

Nikamwambia nina sukari na nameza vidonge.

"Hata hiyo tunasaidia, Jajja."

Nilijua amekosea. Nikamshukuru, na kesho yake asubuhi nikameza kidonge kile kile kama kawaida.

Jambo lenyewe si gumu kuelewa. Dawa za sukari ziko za aina nyingi, na yangu ni ya aina inayoisukuma sukari ya damu ishuke. Iliandikwa kwa mtu anayekula kama nilivyokuwa nikila zamani. Chakula kimepungua zaidi ya nusu, lakini kidonge hakina habari. Kinaendelea kusukuma, hata pale ambapo hakuna tena cha kushusha. Zamani nilimgombeza mzee mmoja kliniki kwa kosa hili hili, mbele ya watu, hadi akainamisha kichwa.

Ndiyo maana sikwenda kliniki. Wauguzi wa pale niliwafundisha kazi mimi mwenyewe. Niliona afadhali kutetemeka nyumbani kuliko kukaa kwenye benchi la mzee yule.

Leo nilimaliza sala ya adhuhuri, nikainama kukunja mswala, na chumba kikazunguka. Jasho baridi shingoni, moyo unakimbia, macho hayashiki kitu. Zaituni, mke wa Ramadhani, alinikuta chini. Hakupiga kelele. Alikoroga sukari kwenye maji, akanishikia kikombe mpaka nikamaliza.

"Usimwambie mumeo," nilisema nilipoweza kusema.

"Mama, nisimwambie gani? Ya leo, ama ya siku tano hizi unashikashika ukuta na mimi nanyamaza?"

Nilijifuta jasho shingoni.

"Yeye ananunua hiyo chakula ili uishi, akuone unazeeka," akasema. "Mimi sitaki kuwa ule mtu aliyejua akanyamaza."

Nilijichoma kidole, nikapima. Namba ilikuwa ya chini kuliko yoyote niliyowahi kuona kwenye kidole changu, na hiyo ni baada ya kunywa sukari. Kama ningekuwa peke yangu nyumbani, ukurasa huu usingekuwepo.

Nikapiga simu kliniki. Aliyepokea nilimjua kwa sauti, na yeye akanijua. Aliniuliza nimekula nini tangu asubuhi. Nikamwambia.

"Sista," akasema, "ungekuwa mgonjwa mwingine ungemfanya nini?"

"Ningemgombeza."

"Basi njoo kesho mapema tukugombeze. Na kile kidonge usikiguse mpaka daktari akuone."

Nilitarajia aibu iumize zaidi ya hapo.

Bado Ramadhani. Anaingia kabla ya magharibi, na mkebe wa leo haujafunguliwa. Zaituni amepika mchuzi wa maharage na anapitapita tu. Najua sura ya mwanangu itakavyokuwa. Atadhani nimekataa mapenzi yake, na sijui nitatumia maneno gani kumwonyesha kwamba sivyo. Lakini nitasema kabla ya sinia kuwekwa chini.

Wewe unayesoma, kama unameza dawa ya sukari na chakula chako kimebadilika, mpigie leo anayekuandikia dawa, kabla ya kidonge kinachofuata.