Boksi la Kuziba Vioo, kwa Ndege hadi Lodwar

Ijumaa jioni, Lodwar. Joto limeanza kulegea. Nimekaa kwenye ua wa hoteli, miguu nimeiweka juu ya kiti cha plastiki, viatu viko mahali fulani chini ya meza, na kwa mara ya kwanza wiki hii sina haraka ya kwenda popote.

Nimetua.

Namaanisha mzigo, si ndege. Ndege ilitua jana, na hapo ndipo shida ilipoanza.

Kwa asiyenijua, mimi ni Jerop, fundi wa vioo vya magari kule Eldoret. Jiwe likiruka barabarani likapiga kioo cha mbele na kuacha alama kama nyota, mimi huiziba kabla haijasambaa. Natoa hewa kwenye ufa, nasukuma gundi ya majimaji ndani kwa sindano ya chuma, naikausha kwa mwanga, na kioo kinashikamana tena. Vifaa vyote vinaenea kwenye boksi moja la bluu ninaloweza kulibeba kwa mkono mmoja.

Jumanne Sista Akiru alinipigia simu kutoka Kakuma. Ni muuguzi mkuu wa zahanati moja ndogo huko. Tulijuana alipokuwa akisomea uuguzi Eldoret, na namba yangu hakuwahi kuifuta. Akaniambia ambulensi yao, ambayo ni hiyo moja tu, ilipigwa jiwe na lori karibu na Kalemng'orok. Alama iko upande wa dereva, mbele ya macho yake kabisa. Jua likiingia pale, kioo chote kinameremeta na dereva haoni barabara. Wiki iliyopita nusura agonge ngamia. Tangu siku hiyo amekataa kuliendesha gari hilo, na Sista alisema hawezi kumlaumu.

Kioo kipya kiliagizwa, kikaja kwa lori, kikafika kimevunjika. Halafu mvua ikakata barabara huko chini upande wa Kainuk, na magari ya kutoka Eldoret yakasimama.

“Jerop, nina mama hapa, mtoto amelala kimshazari tumboni,” aliniambia. “Huyu lazima afanyiwe upasuaji. Hapa karibu chumba cha upasuaji kiko kwenye matengenezo, kwa hivyo ni Lodwar. Siwezi kumpeleka Lodwar kwa pikipiki. Magari ya kuazima nimeahidiwa na kila mtu, hakuna hata moja limefika.”

Nikamwambia nitakuja. Nilipokata simu ndipo nikakumbuka kwamba sijawahi kupanda ndege maishani mwangu.

Acha niseme ukweli, kwa sababu ukurasa huu ndio mahali pangu pa kuusemea. Mimi huogopa kupanda hata stuli ninapotengeneza kioo cha lori. Mume wangu aliponiuliza kama nina uhakika, nilimwambia ndiyo kwa sauti kubwa kuliko kawaida, na akajua mara moja kwamba sina.

Jana asubuhi nilifika uwanja wa ndege na boksi langu mkononi. Mtu aliniambia mizigo inayowekwa chini hurushwarushwa, kwa hivyo nilikuwa nimeazimia kukaa nalo mapajani mpaka Lodwar. Likapita kwenye mashine. Mashine ikasimama.

“Madam, hili boksi ni lako?” aliuliza askari wa ukaguzi, msichana mwenye miwani.

“Ni langu.”

“Tafadhali lifungue.”

Nikalifungua. Mbele ya watu wote zikatoka nyembe za kukwangulia gundi, drili ndogo, sindano ya chuma, chupa za majimaji yasiyo na rangi, na kifaa cha mpira kinachonata kwenye kioo ambacho hata mimi, nikikitazama kwa macho ya mtu mwingine, naona kinatisha. Watu nyuma yangu wakaanza kunyoosha shingo. Mzee mmoja alisogeza mkoba wake mbali na boksi langu.

Nilianza kueleza na maneno yakanitoka yote kwa pamoja: Kakuma, ambulensi, jiwe, mama mjamzito. Yule askari alinisikiliza hadi mwisho. Hakuwa mkali. Akasema nyembe na drili haziwezi kuingia nami ndani, ziende chini. Betri za drili nazo haziruhusiwi chini, hizo nibebe mwenyewe. Kisha akainua chupa ya gundi.

“Na hii? Inashika moto?”

Nilikuwa na karatasi ya watengenezaji inayoeleza kilichomo. Akaisoma polepole, akamwita mkubwa wake, naye akaisoma, akaigeuza chupa, akaniuliza kama nina uhakika vifuniko havivuji. Abiria wenzangu walikuwa wameshaanza kutoka kuelekea kwenye ndege. Niliwaza: kama gundi itabaki, mimi nakwenda kufanya nini? Kumpa Sista Akiru pole?

Mkubwa akaitikia kwa kichwa. Zifungwe kwenye mfuko wa plastiki, ziende chini. Yule askari akanisaidia kupanga boksi upya, akavilaza vile vifaa kwa uangalifu, na nilipomshukuru akasema, “Huyo mama ajifungue salama.” Nikaingia kwenye ndege na mkoba uliojaa betri.

Kuhusu ndege yenyewe sina mengi. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua niliona chini ardhi ya rangi ya kahawia isiyokwisha, na mto Turkwel ukipita katikati na miti yake kama uzi wa kijani. Nilisahau kuogopa kwa muda, kisha ndege ikayumba na nikakumbuka.

Lodwar mizigo ikashushwa. Mifuko, magunia, katoni za dawa, baiskeli ya mtoto. Boksi langu halikuwemo.

“Ndege ilizidi uzito, mama,” kijana wa mizigo aliniambia. “Na joto hili, haiwezi kubeba zote. Yako itakuja kesho asubuhi.”

Nikabaki nimesimama pale na betri za drili bila drili.

Nilimpigia Sista. Akasema, “Basi tutamwomba Achol asubiri.” Achol ndiye yule mama. Ni mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini, anauza vitenge katika kambi ya wakimbizi, na Sista alinieleza kwamba mimba mbili alizopata kabla ya hii hazikufika mwisho.

Kisha akanitumia picha mpya ya kioo. Mguu mmoja wa ile nyota ulikuwa umerefuka tangu Jumanne. Joto la mchana na baridi ya alfajiri huuvuta ufa namna hiyo. Ukizidi urefu wa kidole changu cha shahada, siwezi kuahidi chochote. Sikumwambia. Nilimwandikia tu, “Nimeona, asante,” nikakaa kitandani nikijilaumu kwa kutolipima lile boksi nyumbani, kana kwamba kulipima kungelipunguzia uzito.

Leo asubuhi ndege ilikuja. Boksi lilishushwa la mwisho, kona moja imebonyea, na nikalikumbatia mbele ya watu. Sioni aibu. Chupa zote zilikuwa nzima.

Nikakodi gari kwenda Kakuma. Tulikuwa bado njiani Sista alipopiga.

“Uchungu umeanza,” alisema. “Bado uko mbali mbali, lakini umeanza. Uko wapi?”

Tulifika mchana, jua liko utosini. Ambulensi ilikuwa imeegeshwa chini ya mti wa mathenge kando ya zahanati, kivuli chake kimejaa matundu. Dereva, Lokol, mwanamume mrefu mwenye kofia ya manyoya ya mbuni, alinisalimu “Ejok” na kunishika mkono kwa mikono yote miwili. Nikauweka mgongo wa mkono wangu kwenye kioo na kuuondoa papo hapo. Kilikuwa moto kama kikaango.

Kioo kikiwa moto hivyo hakizibiki. Ukikigusa na drili ufa unakimbia hadi ukingoni, na hapo hakuna fundi tena. Ilibidi kwanza kipoe, na kipoe chenyewe.

Jaribu kumwambia hivyo muuguzi ambaye mgonjwa wake anasikika akiugua nyuma ya ukuta.

“Kipoe kwa muda gani?” Sista aliniuliza.

“Sijui. Nitakigusa nitajua.”

“Jerop.”

“Nikiharakisha kitapasuka, Sista. Halafu hatutakuwa na gari kabisa.”

Alinitazama, akarudi ndani. Sitausahau ule mtazamo. Haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa mtu aliyeishiwa na mahali pengine pa kwenda.

Tulifunga turubai juu ya gari, tukafungua milango yote, na mimi nikawa napepea kioo kwa kipande cha katoni kama mtu anayechoma mahindi. Nilipoinama kufungua boksi nikasikia nyayo nyuma yangu. Lokol alikuwa na mtungi wa maji mikononi, umetoka kwenye friji ya zahanati, unatoka jasho. Alikuwa ameuinua mpaka usawa wa kifua.

“Fundi, hii kioo iko moto sana. Wacha niimwagie maji baridi kidogo, tukuharakishie...”

“Usimwage!”

Nilipiga kelele mpaka watu wakatoka nje. Lokol akaganda. Matone machache yalimwagikia viatu vyake. Nilimweleza kwamba maji baridi kwenye kioo cha moto yangekipasua chote. Akauweka mtungi chini polepole kama mtu anayeweka mtoto aliyelala.

“Pole,” akasema. “Nilitaka kusaidia.”

“Najua. Shika hii katoni, upepee.”

Akapepea kwa kasi kuliko mimi. Mgonjwa akaugua tena ndani, na tukajifanya hatukusikia, wote wawili.

Mwishowe mgongo wa mkono wangu ukakaa kwenye kioo bila kuungua. Nikapima mguu ule mrefu. Ulikuwa umekaribia ncha ya kidole changu, haujaipita. Nikatoboa tundu dogo sana mwishoni mwake ili usiendelee. Nikasikia “tik.”

Nikaondoa drili, nikainama kutazama. Ufa ulikuwa umesogea kidogo, ukafika kwenye lile tundu, ukakomea hapo.

Nikapumua. Nikabandika kile kifaa cha mpira, nikatoa hewa, nikasukuma gundi. Mnaofanya kazi hii mnajua ile raha ya kuona miguu ya nyota ikififia mmoja baada ya mwingine. Lokol alisogeza uso karibu, akasema, “Inaondoka! Inaondoka kweli!” Gundi ilipojaa nikamwambia aondoe turubai, jua liikaushe. Taa yangu ya kukaushia ni ndogo na huchukua muda, lakini jua la Kakuma lilimaliza kazi hiyo kabla sijapanga vifaa.

Achol alitoka akishikiliwa na Sista upande mmoja na mama mkwe wake upande wa pili. Alisimama mbele ya gari, akapumua mpaka uchungu ukapita, akaniuliza kwa Kiswahili cha shida, “Wewe ndiyo mama ta gizaz?” Sista akacheka kwa mara ya kwanza. Gizaz ni kioo kwa Kiarabu cha Juba. Nikasema ndiyo, mimi ndiye mama wa kioo. Akanigusa bega, akapanda.

Nilikaa mbele na Lokol. Njia nzima sikuitazama barabara, nilikitazama kidoa kidogo kilichobaki kwenye kioo. Kwenye laga moja, mto mkavu unaokatiza barabara, gari liliruka na nikafumba macho kama nilivyofanya kwenye ndege. Nyuma Sista alikuwa akihesabu pumzi na Achol, na mama mkwe akiimba wimbo wa kanisa kwa Kidinka, pole pole, bila kukatiza hata uchungu ulipozidi.

Kioo hakikutoa sauti yoyote.

Hospitalini Lodwar walikuwa wanatusubiri. Wakampeleka Achol moja kwa moja ndani. Mimi, Lokol na mama mkwe tukakaa kwenye benchi nje. Hatukuwa na lugha moja sote watatu. Mama mkwe alinipa kashata kutoka kwenye mtandio wake. Nikaishika tu, nikashindwa kuila.

Kisha mlango ukafunguliwa na Sista Akiru akatoka, barakoa imeshuka kidevuni.

“Msichana,” alisema. “Analia kama king'ora. Mama yake yuko salama.”

Mama mkwe aliinua mikono na kupiga kigelegele mpaka mlinzi akaja. Lokol alitazama upande mwingine, akajifuta uso kwa kofia yake, manyoya na yote. Mimi nikalia palepale kwenye benchi. Nililia kwa furaha, na kwa uchovu, na nadhani kwa ajili ya ile saa niliyokuwa napepea kioo nikijua kwamba labda nimekuja bure.

Lokol hakukaa. Kuna mgonjwa mwingine anamsubiri Kakuma, na alitaka kufika kabla ya giza. Kurudi anaelekea upande jua linakozama, kwa hivyo nilikuwa na wasiwasi mpaka aliponipigia kutoka njiani, akiwa amesimama kando.

“Fundi,” alisema, “jua iko mbele yangu sasa hivi. Naona barabara yote. Naona hata mbuzi wa huko mbali.”

Nilimwambia aendeshe pole pole.

Tangu jana sijala mlo kamili. Sasa nimeagiza samaki wa ziwani wa kukaanga na ugali, na mhudumu ameniuliza kama nasubiri mwenzangu, maana sahani ni kubwa. Nimemwambia hapana, ni wangu peke yangu. Nitamla mzima mpaka kichwa. Ya kesho nitayajua kesho.