Adabu ya Anatolia

Deodatha, nimetoka kwa Anatolia sasa hivi, mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Si alituambia alichaguliwa kuuza kahawa kwenye maonyesho ya Bukoba kwa adabu yake? Leo ndiyo nimesikia yote.

Ilikuwa Nane Nane ya 1994, Nyaishozi. Kapanga pakiti za kahawa aliyokaanga na kutwanga mwenyewe. Mzee mmoja akamwuliza, "Mama, unatuuzia kitu hujakitafuna?"

Si unajua kwetu mwenyeji hutangulia kutafuna punje za kahawa, ndipo mgeni apokee. Anatolia akasahau kuwa hii ni unga. Akajitia unga wa kiganja kizima mdomoni. Kiganja kizima, Deo.

Papo hapo mgeni rasmi huyo, anamsalimu. Afungue mdomo vipi? Akapiga magoti kimya, mashavu yamefura.

Mgeni akawaambia wenzake, "Mnaona adabu hiyo? Huyu aende Bukoba."

Kwa furaha Anatolia akacheka. Meno meusi kama chungu, unga wote ukaruka kwenye shati jeupe la mgeni.

Mgeni akainama, akanusa shati lake.

"Kahawa ni nzuri," akasema. "Aende tu. Ila mwambieni, kule Bukoba hii wanaichemsha."