Ubao wa Korosho Ulioachwa Kiegei

Njombe

Mdogo wangu Hamisi,

Ubao wangu wa mchezo wa korosho ulitoka nyumbani Nandagala wiki ile ulipokwenda Kiegei kuposa, na haujarudi. Nimeanza na hilo ili usije ukasoma salamu ukaikunja barua. Haya sasa, hujambo? Kifua cha mama kinaendeleaje? Amepata mtu wa kupulizia mikorosho, au bado anahangaika na pampu peke yake? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye vidole. Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika na kumpa kondakta wa basi.

Asubuhi hapa ukungu unalala barabarani kama hauna pa kwenda. Nakaa mlangoni na cherehani zangu, pasi ya mkaa pembeni, na mara nyingine macho yananiponyoka. Juzi niliona mikorosho ya mama inatoka kwenye ukungu, mmoja mmoja, na chini yake ule ubao, mpana kama uwanja. Korosho zinadondoka juu yake zenyewe, to, to, to, nami natembea humo naokota, sichoki. Mteja akaniamsha: "Dada fundi, suruali yangu unaishonea ndotoni?"

Unajua ubao ule ulivyozaliwa. Nilianza huku na cherehani moja. Kazi yake ikaleta ya pili, mbili zikaleta ya tatu. Nikasema, hii inachezeka. Nilipokuja Idi nikauchora. Kila mtu anaanza na mti mmoja unaompa korosho mbili. Zamu yako unafanya jambo moja tu: unaokota au unanunua. Ukinunua mti wa pili, unaokota nne. Ukiwa na miti mitatu ukanunua pampu, kila mti unaongeza korosho moja, basi unazoa tisa kwa mkupuo. Anayeokota tu bila kununua anatangulia mwanzoni, halafu anaachwa anashangaa. Wa kwanza kufikisha hamsini amejaza gunia. Namba niliziweka kwa vitone vya rangi ili mama, asiyesoma, naye acheze. Alijifunza kabla chai haijachemka, na akatufunga.

Sasa Somoe, mchumba wako, kanitumia sauti kwenye simu, anacheka: "Wifi, baba shambani haendi tena! Anatuita wote, 'Njooni niwafunge!' Anasema kishika uchumba kama hiki hajawahi kukiona."

Kishika uchumba, Hamisi! Wenzako wanaacha pete, wanaacha kanga, wewe umeacha jasho langu. Na unajua vizuri kishika uchumba hakirudishwi. Kikirudi, posa imevunjika. Nikiudai ubao, namharibia Somoe. Nikinyamaza, seremala wa hapa aliyekubali kunitengenezea mbao za mchezo za kuuza hana cha kuigia, maana ubao ni huo mmoja. Somoe hakusema nani aliutunga, nami nikaona haya kumwuliza.

Nimepiga hesabu huku nashona. Rangi ipo, vipimo ninavyo kichwani. Kuchora upya ni kazi ya wiki mbili. Kwa hilo silii. Kinachoniuma ni jina. Kama uliwaambia wazee wa Kiegei kwamba dada yako ndiye aliyeutunga, basi ubaki huko, uwe zawadi yangu kwa wifi. Nitakuja harusini nicheze na baba mkwe wako, na nitamfunga. Kama ulijisifu kwamba ni kazi yako, nashuka na basi mpaka Nachingwea, napanda bodaboda mpaka Kiegei, nasema ukweli mbele yao, na posa iende itakakokwenda.

Msalimie mama. Barua hii umsimulie kwa Kimwera, yote, usiruke sehemu ya ubao. Msalimie shangazi wa maandazi, na kaka yetu mkubwa aliyehamia Ruangwa mjini, pamoja na mkewe.

Usinijibu kwa maelezo marefu, hayo nayajua. Nataka ujumbe Ijumaa, kabla ya adhana ya mchana: mbele ya baba yake Somoe, ulisema ubao ule ni wa nani?

Dada yako,
Zuhura