Yaw na Jiko la Makaa

'Maneo, soma ujumbe huu haraka.

Yule Yaw, mgeni wangu aliyekuja kutazama mpira kutoka Ghana, nimemkuta amezirai chumbani. Amezirai!

Jana nilimpa blanketi, akalikataa akicheka: "Bibi, Afrika hii hii, baridi gani?" Baridi yote hii ya Julai, kaja na kaptura na jezi tu! Jua la mchana la Bloemfontein lilimdanganya.

Alfajiri maji ya ndoo yameganda. Akaona aibu kuniamsha, akaingiza jiko langu la makaa ndani, akafunga mlango. Akafunga mlango, 'Maneo!

Nimemburuta hadi uani. Alipofumbua macho akaninong'oneza, "Bibi, usimwambie mama."

Gari la wagonjwa limemchukua, anapumua.

Wenzake wamelala kwako, na kwako nako kuna jiko. Usinijibu kwanza, nenda ukawagongee mlango sasa hivi!