Mi Ndiye Niliyesema Mgongo

Kolwezi, Jumanne. Vumbi limelala juu ya mabati tangu asubuhi, mvua inatutisha tu bila kunyesha. Roho yangu iko moto.

Mi, mutu niliyesukuma mashine ya kutoboa mwamba kwa bega moja kule mugodi wa Mutoshi wakati bazungu bane balishindwa, leo nimetolewa kichupa kimoja cha damu nikaona nyota mchana. Acha niandike tu, ni kweli.

Niliingia hospitali kubishana. Siku hizi nakojoa kidogo kidogo, kama bomba la mutaa wetu wakati wa kiangazi, na bibi yangu, mama wa batoto bangu, amechoka kuniuliza. Nikamwambia mama wa laboratware, yule anayepima damu: hiyo kansa ya prostate, ile tezi ya banaume, ni ugonjwa wa bazungu, hata redio inasema kwao ndiko inaonekana sana. Akacheka.

"Tata, kwao banapima. Kwetu banazika."

Akaeleza kwamba duniani banaume beusi ndio inabashika zaidi, na huku kwetu inaua sana kwa sababu tunafika hospitali ikiwa imeshaingia mifupani. Hapo inauma mgongo.

Mgongo.

Nikaanza kuhesabu kwa vidole batu ba kwetu tuliobazika.

Kwetu, kwenye kilio, mutu mumoja wa familia anasimama kueleza ugonjwa uliomuondoa marehemu. Kwa familia yetu ni mi, kwa sababu ya sauti. Yaya yangu, kaka yangu mukubwa, alipokufa Sandoa nilisema: mgongo, kazi ya shamba. Baba mudogo: mgongo, mifuko ya mawe. Batu balinisifu. Lakini bote babili nilibaona banahangaika na mukojo. Nilificha, kwa haya.

Kazi ya kutoboa ilinifundisha kitu kimoja: pale hujatoboa, ramani inabaki nyeupe. Si kwamba shaba haiko. Basi ramani ya kwetu nimeipaka nyeupe mi mwenyewe, kwa mudomo wangu.

Majibu yangu ni Ijumaa. Naogopa, ndiyo. Jumapili tunamaliza kilio cha yaya, na nitapewa nafasi ya kusema kama kawaida. Bajomba batasema ninamuvua marehemu nguo mbele ya bakwe. Baseme.

Nitasimama niseme: mgongo ni mi niliyesema, mukojo niliuficha. Yaya hatukumupima. Mi nimepimwa, na majibu ni haya.

Sauti bado ninayo.