Safari ya Mama kwa Bei Nafuu

Nyuma ya Kinu cha Sukari cha Zamani,
Waipahu, kisiwa cha Oahu.
5 Februari 2019

Mpendwa mdogo wangu Darlynn,

Salamu zikufikie huko jangwani, wewe na shemeji Wendell na mapacha. Baridi inawatendaje? Huku hatujambo, ila goti langu la kulia linalalamika kila nikiinuka, na Mama ana kikohozi kilichoingia Krismasi na mpaka leo hakijaaga. Natumaini wewe ni mzima wa afya, maana utaihitaji.

Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa simu zangu huzipokei. Anwani kwenye bahasha nimemwomba Mama Nakasone wa jirani aiandike, kwani mwandiko wangu unaujua na ungeiacha mezani hadi Pasaka.

Habari kubwa ni kwamba tunakuja. Mimi na Mama tutatua Las Vegas Jumatano tarehe ishirini, asubuhi. Najua utasema safari ni ghali. Ulisema hivyo Mama alipolazwa, ukasema tena alipotimiza miaka themanini, tukamkatia keki huku akiangalia mlangoni. Basi nimekaa kitako nikaipanga safari hii kwa bei ya maskini, na nitakueleza yote, ili kisingizio hicho nacho kipumzike.

Kwanza, mtu asisafiri Ijumaa. Ijumaa ni ya matajiri na maharusi. Aende katikati ya juma, baada ya mwaka mpya, watu wakiwa wameshafilisika. Mimi nimechukua ule mpango wa siku nne tunaouchukua sote huku: ndege, chumba kule kwenye mji wa zamani, na kuponi za chakula. Ni hoteli ile ile yenye supu ya mkia wa ng'ombe, ambako utaikuta nusu ya Waipahu kwenye foleni imevaa kandambili. Mama nimemkatia ndege tu, maana atalala kwako. Yake imetoka nusu ya bei ya yangu. Sababu nitaisema huko chini.

Kiti cha magurudumu cha uwanja wa ndege hakilipiwi, na anayekisukuma hupitishwa mbele ya foleni yote. Miaka sita nimemlea Mama, na hiyo ndiyo faida ya kwanza ninayoiona.

Nimekuandalia kasha la barafu: poi yetu ya magimbi yaliyopondwa, samaki wa kukausha, na ule mkate mtamu aliokuwa Baba akiununua Jumapili. Usiseme dada yako hana moyo.

Unakumbuka siku tuliyomzika Baba? Ulisimama mbele ya watu wote ukasema, "Mama nitakaa naye mimi. Verna hajui kulea, hata paka walimkimbia." Watu wakacheka, nami nikacheka. Ukasema subirini bwawa la kuogelea likamilike. Bwawa lilikamilika, maji yakaingia, mapacha wakajifunza kuogelea, picha ukatuma. Mama alizibandika kwenye jokofu na kila mgeni akaambiwa, "Hapo ndipo nitakapokaa mimi." Wageni wakawa wananitazama mimi, nami natazama dirishani.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, Darlynn. Ukiwa mbali unauona mwepesi. Mimi humwamsha saa kumi na moja alfajiri, nikamwosha, nikamvika, nikamlisha, kisha nikakimbilia kazini katika jiko la shule na nywele hazijachanwa. Jioni namkuta amefungua mabomba yote. Na kinachonichoma zaidi si kazi. Mwaka wa pili sasa ananiita kwa jina lako. Nikimkausha miguu, husema, "Ahsante, Darlynn, wewe ndiye mwanangu." Nimekuchukia kwa hilo, nakuambia kweli. Nimekuchukia huku nimeshika taulo.

Sasa nikuambie la tiketi. Yule dada wa duka la safari aliniuliza, "Dada Verna, ya bibi nayo ni kwenda na kurudi?" Nikamwambia ni kwenda tu. Akaacha kuandika. "Bibi anahamia huko? Mbona hamjafanya hata karamu?" Nikamjibu aandike kama nilivyomwambia.

Ndiyo hivyo, mdogo wangu. Tunakuja wawili, narudi mmoja. Safari haiwezi kuwa nafuu kuliko hapo.

Mama sikumwambia. Nilimwambia tunakwenda kucheza mashine za kamari kama zamani, akafurahi, akatafuta ile kofia yake ya bahati. Nilidhani nimeficha vizuri. Kumbe nilijiumbua kwa kosa ambalo hata mtoto wa huku asingelifanya. Unajua jinsi watu wanavyoleta noti zao mtu akitaka kusafiri: "Nichezee na mimi, uniletee bahati." Nilizoletewa mimi nilizipokea. Mama Nakasone alipomletea Mama noti yake, niliirudisha. Nikasema Mama haoni tena mashine vizuri. Nani hukataa noti ya jirani? Hukataa yule tu asiyerudi kuleta majibu na zawadi. Mama Nakasone alinitazama, akaitazama noti, akaikunja, akaondoka bila kuaga.

Juzi mchana akaja na shada la maua meupe, kubwa, la mikono yake mwenyewe, akamvika Mama shingoni, akambusu. Kwa safari ya siku nne hakuna mtu wa mtaa huu aliyewahi kuvishwa shada. Mama alikaa nalo barazani mpaka jua likazama.

Jana nilimkuta anapanga sanduku lake. Ile picha ya Baba ya ukutani ameitundua na kuifunga ndani ya sweta. Nikasema, "Mama, siku nne tu, picha ya nini?" Akaendelea kukunja. Halafu akasema polepole, "Verna, maua yangu ya mlangoni usiyamwagie maji mengi. Wewe huwa unayazamisha."

Verna, aliniita. Jina langu, baada ya mwaka mzima na zaidi. Nilitoka nje nikalia nyuma ya gari, nikajifuta, nikarudi nikamsaidia kufunga zipu.

Tiketi sikuibadilisha.

Mengine ni haya. Dawa za kifua ziko kwenye mfuko wa kijani. Nyama mkatie vipande vidogo. Mabomba uyafunge kule kwenye valvu kuu kabla hujalala. Bwawa liwekee uzio, maana anapenda maji na hayaogopi. Mimi nitaondoka Jumapili asubuhi. Usihangaike kunisindikiza uwanjani, kwani utakuwa na mtu wa kumwogesha.

Nisalimie shemeji Wendell, umwambie chumba chake cha kuinulia vyuma kinatosha kitanda, nimekipima kwenye picha. Wasalimie mapacha, na uwafundishe kumwita Bibi kwa sauti kubwa, sikio la kushoto limekufa. Shangazi Ernestina anakusalimu. Wa huku wengine hawajasema kitu.

Mungu akupe mikono yenye nguvu na usingizi mwepesi. Na Mama akikuita kwa jina langu, Darlynn, usimsahihishe. Itika tu, kama nilivyokuwa naitika mimi.

Ni mimi dada yako, ambaye bado anakupenda, lakini simu zako hatazipokea,

Verna