Jengo Ambalo Shangazi Alidhani ni Kanisa

Guangzhou, Desemba 1998

Baba yangu mpendwa,

Kuna sauti moja haijanitoka masikioni tangu wiki iliyopita: sauti ya dada yako akianzisha wimbo wa Bikira Maria, kwa Kihaya, peke yake, katika ukumbi wenye dari ya juu iliyomrudishia kila neno. Hakuimba kwa nguvu. Aliimba kama anavyoimba akipanga ndizi chunguni. Lakini dari ile iliikuza sauti yake mpaka watu wote wakageuka.

Shikamoo, Baba. Naomba mguu wako uwe umeanza kukubali kutembea bila fimbo, na mvua isiwe imekuta kahawa ikiwa bado imeanikwa. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaoniandikisha barua hii, ambayo itakufikia kwa mkono wa Shangazi Koleta mwenyewe.

Unaikumbuka picha uliyoitundika ukutani, nimesimama kwenye ngazi za mawe, nyuma yangu mnara na madirisha marefu yaliyochongoka juu? Nilikuandikia kwamba hilo ni jengo la utawala la chuo chetu, na ndivyo lilivyo. Lilijengwa zamani na wamisionari, kwa matofali mekundu ambayo mvua za huku zimeyageuza meusi. Juu ya mlango kuna vioo vya rangi, na vilivyovunjika vimezibwa kwa kioo cha kawaida. Ndani hakuna altare. Kuna madirisha ya makarani: hapa ada, hapa mabweni, hapa sisi wageni tunaogongewa mihuri ya kuishi nchini. Tunapanga foleni chini ya matao yale na kulalamika kwamba karani amechelewa. Nimelizoea mno. Sikufikiri kwamba kwetu, mtu akiona matao na mnara wa namna ile, haulizi ni nyumba ya nani.

Shangazi alifika na wenzake kununua mikoba kwenye soko la Shiling na nguo za watoto hapa Kangle, karibu na chuo. Nilipokwenda kumpokea hotelini, aliniambia, "Biashara itasubiri. Nipeleke kwanza kanisani kwenu nishukuru."

"Chuo hakina kanisa, Shangazi."

"Lile lililo ukutani kwa baba yako je? Ni ghala?"

Nilicheka tu. Sikumwelewesha. Nilidhani akiingia na kuwaona makarani atajua mwenyewe.

Mlangoni alijifunika kitenge kichwani. Kando ya mlango kuna bakuli la jiwe lililokuwa la maji ya baraka, limejengwa ukutani, ambalo siku hizi watu hulitupia vishungi vya sigara. Shangazi alichovya kidole, akakuta majivu, akakifuta kwenye kitenge na kufanya ishara ya msalaba hivyo hivyo. Kisha akapita kando ya foleni, akapiga magoti katikati ya ukumbi, akaanza kuimba.

Wanafunzi walicheka. Wawili ni wa darasa langu. Hawakucheka kwa ubaya, Baba, walicheka kwa sababu hawakujua wafanye nini. Bi Liang, karani wa wageni, ambaye alikuwa amenichagua nikaribishe wageni wa chuo mwezi ujao, alitoa kichwa dirishani akaniuliza, "Huyu ni nani wako?"

Nikamjibu kwa Kichina, haraka, "Si mtu wangu. Ni mfanyabiashara. Mimi ni fanyi wake."

Fanyi ni mkalimani. Nilisahau kwamba ni neno la kwanza ambalo kila mfanyabiashara wetu hujifunza huku, maana kila duka analoingia anaulizwa, fanyi wako yuko wapi? Nilisogea pembeni nikajifanya nasoma tangazo ukutani. Lilikuwa tangazo la bei ya maji ya moto bwenini. Nililisoma lote.

Shangazi alimaliza ubeti wake. Aliinuka kwa kuegemea mkono sakafuni, maana hakuwa na mtu wa kumshika. Nje alitoa kopo la senene mkobani. "Nilimletea padri," akasema. Nikamwambia alirudishe haraka, watu wasije wakaona tunakula wadudu. Akalirudisha.

Kesho yake tulikwenda Kangle, katikati ya kelele za cherehani. Mwenzake mmoja kutoka Mwanza, mama mcheshi ambaye nilikuwa sijakutana naye, alinitazama akasema, "Koleta, ndiye huyu mtoto wa kaka yako unayetutambia njia nzima?"

Shangazi alikuwa anavuta mshono wa gauni kuona kama utaachia. Hakuinua macho. "Huyu ni fanyi wangu. Mzuri sana. Anaongea kama wao."

"Mbona pua ni yako?"

"Pua zinafanana, dada. Dunia kubwa."

Tangu hapo alinisemesha kama mtu asemeshavyo mgeni. Tafadhali mwambie apunguze. Asante sana. Samahani kwa kukuchosha. Baba, angenigombeza ningeyaweza. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni hadi makaburini tulipomzika Mama, na sasa ananiambia samahani. Kila nilipotafsiri rangi na saizi nilisikia ule wimbo, na kila nilipotaka kumfungulia moyo wangu, mwenye duka alikuwa anauliza dazeni ngapi.

Leo asubuhi nilirudi kwenye lile jengo peke yangu, foleni ikiwa imefika mlangoni. Zamu yangu ilipofika nilisema kwa sauti ya kusikika kwamba yule mwanamke ni dada wa baba yangu, ndiye aliyenilea, na nilidanganya.

Bi Liang aliweka muhuri chini. "Basi ungemletea kiti," akasema. "Mtu mzima yuko sakafuni, wewe unasoma bei ya maji." Baadaye, akiwa tayari anampokea mwanafunzi wa nyuma yangu, akaongeza kwamba wazee wa chuo husema zamani humo ndani watu waliimba.

Niliomba ruhusa nikapanda basi hadi bandarini Huangpu, ambako mizigo ya Shangazi inapakiwa. Nilimkuta kwenye ofisi ya wakala, amekaa juu ya marobota. Wakala akaniuliza, "Wewe ndiye fanyi?" Nikamjibu kwa Kichina, kisha nikarudia kwa Kiswahili ili asikie anayehusika: "Mimi ni mtoto wake."

Shangazi alisogeza mfuko wake, nikapata pa kukaa. Baada ya muda akatoa lile kopo. Wakala alichungulia, akaomba senene mmoja, akatafuna, akarudisha mkono koponi bila kuomba. "Taratibu, wewe," Shangazi akamwambia kwa Kiswahili. "Hao ni wa padri."

Nisalimie Bibi, na umwambie nakunywa dawa ya kifua aliyonitumia. Msalimie kaka Deus na mkewe, na katekista wetu, ambaye huenda amewatangazia watu kwamba nasoma kanisani. Usimsahihishe kwa ukali.

Barua hii inabebwa na mtu inayemsema, na sikutaka aibebe bila kujua kilichomo. Kwa hiyo nimemsomea yote, hapa hapa juu ya marobota, kwa sauti, toka wimbo hadi salamu. Alisikiliza huku anakaza kamba za mizigo. Nilipomaliza aliniagiza niongeze mambo mawili: kwamba goti la kushoto bado linamuuma, na kwamba sakafu ya kanisa letu la chuoni ni chafu, nikirudi nikaifagie.

Nimeongeza.

Mwanao,
Justa